Nani Amchagulie Mtu wa Laela?

Bwana mmoja msomi, ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa nagombana na fikira yake wala sigombani naye, alisema maneno haya mbele ya watu tulipokuwa katika mkutano: "Mtu wa Laela anataka mtandao. Hataki kivinjari. Mwachie kile anachokikuta ndani ya mashine, mfundishe kubofya, basi. Habari ya kuchagua kivinjari ni anasa ya watu wa miji mikubwa." Wengi waliokuwapo waliitikia kwa vichwa. Mimi nilinyamaza, maana jibu langu lilikuwa refu kuliko subira ya mkutano. Nalitoa hapa.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kuvinjari ni kazi ya chombo cha baharini kinachozunguka huku na huku kikilinda au kutafuta. Kivinjari, basi, ni programu ambayo mtu huitumia kuzunguka katika kurasa za mtandao: huziita, huzipokea, huzichora juu ya kioo, na hukumbuka alikopita. Wako waliopenda kukiita kisakuzi, na neno hilo nalo lina haki yake. Lakini watu wengi hawakiiti jina lolote. Kwao alama ile ya duara lenye rangi nne ndiyo intaneti yenyewe, kama mtoto anayedhani kwamba redio ndiye mtangazaji. Bwana wangu msomi hakuwa mbali na mtoto huyo. Alidhani kwamba kumpa mtu mtandao na kumpa mtu kivinjari ni tendo moja, na kwa kuwa ni moja, hakuna la kuchagua.

Laela ni mji mdogo katika nyanda za juu za Ufipa, kando ya barabara itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga, yapata kilomita 95 kabla hujafika Sumbawanga. Barabara hiyo sasa ni ya lami. Mahindi, maharage, ulezi na alizeti hupita juu yake kwa malori, na katika miezi ya Juni na Julai upepo wake humfanya mgeni wa pwani ajute kuja bila koti. Mjini humo mna duka la kupiga chapa na kutoa nakala, la namna ile ambayo siku hizi hupatikana katika kila mji wetu mdogo. Hapo ndipo vijana wanapojaza maombi ya vyuo na ya mkopo wa masomo, wanapotazama matokeo ya mtihani, na ndipo wazee wanapotafutiwa nambari na vyeti. Sitaki mtu aliite duka hilo mahali pa anasa. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita, kiti cha mbao mbele ya mashine ile ni kizingiti baina ya jembe na chuo.

Nilikuwa nyumbani likizoni alipokuja binti mmoja wa jirani, zikiwa zimebaki siku mbili tu maombi ya mkopo yafungwe. Alisema, "Shikamoo, mwalimu. Naambiwa mtandao umekataa." Alikuwa amekwenda dukani siku tatu mfululizo. Kila alipofungua ukurasa wa maombi, mashine ilitoa maandishi ya Kiingereza na kukaa kimya. Kijana wa dukani alimwambia mtandao uko chini. Binti, ambaye Kiingereza alikijua, aliyasoma maandishi yale na kuelewa kwamba yanasema saa iko nyuma. Akainua macho kutazama saa ya ukutani, akaiona ni sahihi. Akafikiri labda ni ile tofauti ya saa sita baina ya hesabu yetu na ya Wazungu, akaghairi. Mwisho akaamini kwamba mashine imerukwa na akili.

Mashine haikurukwa na akili. Ndani ya kila kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, ambayo huiwezesha kukumbuka tarehe hata umeme ukizimwa. Betri ya mashine ile ilikwisha zamani. Kila umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta iliamka ikidhani ni mwaka 2009. Sasa, ukurasa wowote wenye kulindwa huja na cheti kinachothibitisha kwamba ndio wenyewe, na cheti hicho kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Kivinjari kikiwa katika mwaka 2009 kikaletewa cheti kilichoanza kazi miaka mingi baadaye, sharti kikikatae, kama karani anavyokataa hawala iliyoandikwa tarehe ya mwaka ujao. Nilikwenda dukani nikarekebisha tarehe, ukurasa ukafunguka. Kazi yote haikufika dakika tatu. Binti alijaza maombi yake jioni ile, huku mkono wake ukitetemeka juu ya kipanya.

Namuuliza bwana msomi: je, binti huyu alihitaji mtandao tu? Mtandao ulikuwapo siku zote tatu. Kilichokosekana ni mtu mmoja katika duka zima aliyejua kwamba baina yake na mtandao pana programu, kwamba programu hiyo ina desturi zake, na kwamba ilikuwa ikisema kweli.

Mama mwenye duka aliposikia habari hiyo aliniomba nizitazame mashine zake sita. Zote zilikuwa kuukuu, zilizoletwa kutoka ng'ambo baada ya ofisi za huko kuzichoka. Tano zilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na Google nayo ikaacha kuitolea Chrome mpya tangu mwanzo wa mwaka 2023. Kwa hiyo chuma kilikuwa kizima, lakini programu zilikuwa zikioza juu yake. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumshauri azitupe. Kutupa mashine nzima kwa sababu ya programu ni kama kubomoa nyumba kwa sababu mlango umelika na mchwa. Nikazitia Debian, mfumo wa ukoo wa Unix unaotolewa bure, ambao watu wa kujitolea wameujenga tangu mwaka 1993 juu ya kiini kile cha Linux alichokianzisha mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Hapo ndipo swali la kivinjari lilipokuja lenyewe mezani, bila kuitwa na mtu mwenye anasa.

Wako wanaosema kwamba mwenye kutumia mifumo hii ni mgeni katika mambo ya mtandao na inampasa kuridhika na makombo. Hawajui historia. Kivinjari cha kwanza duniani kiliandikwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee, alipokuwa akifanya kazi CERN, Geneva, juu ya mashine ya NeXT ambayo mfumo wake ni wa ukoo wa Unix. Mosaic, iliyotoka Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1993 na kuwapendeza watu wengi kwa picha zake, ilitolewa kwanza kwa ajili ya Unix. Kwa hiyo kivinjari kilizaliwa katika nyumba hii, na kwa wengine kilikwenda baadaye.

Hata hii Chrome inayotawala leo ina nasaba ya humu humu. Wajitoleaji wa KDE waliandika injini ya kuchorea kurasa wakaiita KHTML. Apple wakaichukua na kujengea Safari mwaka 2003. Google wakatumia uzao wake katika Chrome mwaka 2008, na mwaka 2013 wakaukata tawi lao wenyewe, wakaliita Blink. Opera ikahamia huko mwaka 2013. Microsoft, baada ya kushindwa na injini yake, nayo ikahamia huko mwaka 2020. Leo mtu akizunguka katika orodha ya vivinjari ataona majina mengi na rangi nyingi, lakini aghalabu moyo ni ule ule mmoja. Injini nyingine kubwa zilizosalia hazifiki idadi ya vidole vya mkono mmoja, na iliyo huru, inayofanya kazi vizuri juu ya Linux, na isiyotoka katika ukoo ule, ni ya Firefox, mjukuu wa Netscape, ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa watu wote mwaka 1998.

Wafipa wanajua jambo la namna hii kwa njia yao. Wazee wa nyanda hizi walifua chuma katika matanuru marefu ya udongo, malungu, yenye kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha katika tanuru dogo. Majembe yaliyotokana na chuma hicho ndiyo yaliyoinua matuta yao ya ntumba, ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zikawa mbolea. Majembe ya dukani yalipokuja kwa bei nafuu kazi ile ilififia, na malungu yakabaki porini yakiwa yamepasuka. Najua bwana wangu atasema: jembe la dukani lilikuwa rahisi, na mkulima hakulia. Nakubali, hakulia, mimi nisingelia pia. Lakini jembe lile, lilikotoka kokote, mkulima alipolinunua likawa lake. Halikumpelekea mfua chuma wa ng'ambo habari za shamba gani limelimwa leo, na nani amepita njiani, na mwenye shamba anatamani kununua nini. Hapa ndipo mfano unapokatika, na ndipo ugomvi wangu unapoanza.

Mwezi Septemba 2018 Chrome ilianza desturi mpya: mtu akiingia katika barua zake za Gmail, kivinjari chenyewe nacho kinaingia kwa jina lake. Watu walilalamika, na muda mfupi baadaye ikatolewa njia ya kuizima desturi hiyo, kwa yule anayejua iliko. Fikirini jambo hilo katika nyumba ya mtu mmoja, ni dogo. Lifikirini katika duka la Laela, ambamo watu arobaini hukaa katika kiti kimoja kwa siku moja. Nimeona kwa macho yangu, juu ya pembe ya kioo, jina la kijana aliyeondoka asubuhi, na chini yake barua zake ziko wazi, na nywila yake imehifadhiwa kwa ajili ya yeyote atakayekuja. Mwenye duka hakuwa mwizi wala kijana hakuwa mjinga. Programu ilikuwa imebuniwa kwa mtu mwenye mashine yake peke yake, ikapewa watu wasio na mashine. Firefox inaweza kuamriwa, kwa alama moja katika mipangilio yake, isahau kila kitu inapofungwa. Hiyo ilikuwa sababu yangu ya kwanza.

Sababu ya pili ni bando. Matangazo yanayoruka katika kurasa hulipiwa na msomaji, kwa megabaiti zake. Juu ya Firefox huweza kuongezwa kizuizi cha matangazo kiitwacho uBlock Origin, nacho hufanya kazi kikamilifu. Katika Chrome kizuizi hicho kimeondolewa uwezo. Kati ya mwaka 2024 na 2025 Google walibadili kanuni za viongezo, kikabaki kidogo chake kilichopunguzwa makali. Kampuni ambayo chakula chake ni matangazo imebadili kanuni, na kizuizi cha matangazo kikaumia. Wanaeleza kwamba walifanya hivyo kwa ajili ya usalama. Kila msomaji ajiamulie.

Ya tatu ilikuwa ya lazima. Mashine mojawapo ilikuwa ya zamani sana, ya biti 32, na Chrome haikubali mashine za Linux za namna hiyo tangu Machi 2016. Mlango huo ulifungwa zamani. Kwa hiyo mwenye mashine duni alikuwa amekwisha kuchaguliwa, hakuambiwa tu.

Sitaki mtu adhani nauza Firefox kama asali tupu. Shirika lake hupata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka kwa Google yenyewe, ili utafutaji wa Google uwe wa kwanza ndani yake. Katika Agosti 2024 mahakama ya Marekani iliamua kwamba Google ilikuwa imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na mikataba ya namna hiyo ilikuwa kiini cha shauri. Mtu huru anayelishwa na mtawala wa soko ni huru wa mashaka. Tena Firefox si nyepesi: juu ya mashine yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu hutembea kama mzee apandaye mlima. Katika ile moja iliyo dhaifu kuliko zote niliongeza NetSurf, ambayo ni nyepesi mno na hufungua kurasa rahisi, ila kurasa za maombi huzishinda nguvu.

Sasa nawageukia watu wa upande wangu, maana nao nina neno nao. Kijana akiuliza namna ya kutia kivinjari juu ya Linux, hujibiwa kama mtu anayetaka kujiunga na jando. Mmoja atamwambia ajenge mwenyewe kutoka katika msimbo. Mwingine atampa mistari kumi ya amri zisizoelezwa, zenye kuanza kwa neno la kumpa mtu mamlaka yote juu ya mashine, naye ataziandika zote kwa imani. Huu si ualimu. Ni kumfundisha mtu kumfungulia mlango kila abishaye. Kazi yenyewe ni nyepesi. Debian ina hazina yake ya programu, na kila kitu kilichomo kimethibitishwa kwa sahihi ya siri ambayo mashine huikagua yenyewe kabla ya kupokea. Ukitaka Firefox ya kudumu unatoa nywila ya msimamizi, unaandika apt-get install firefox-esr, unangoja. Hivyo tu. Mara nyingi hata hilo halihitajiki, kwa kuwa mwenye kutia Debian pamoja na meza yake ya kawaida huikuta Firefox imekwisha kuwamo.

Na kwa kuwa bando ni ghali, amri hiyo huacha nakala ya ilichopakua katika ghala la ndani, /var/cache/apt/archives. Nilipakua mara moja kwa mashine moja, nikabeba nakala kwa flashi hadi kwa nyingine nne za jinsi yake, na ile ya biti 32 tu ikahitaji yake peke yake. Chrome nayo hupatikana, lakini haimo katika hazina ya Debian. Hupakuliwa kwa Google, ni zaidi ya megabaiti 100, na inapotiwa huongeza hazina ya Google katika orodha ya mahali ambapo mashine hujichukulia programu. Sisemi ni wizi. Imeandikwa wazi kwa anayesoma. Nasema kwamba mgeni anayekuja na ufunguo wake wa ghala lako yampasa mwenye nyumba aambiwe, kwa lugha anayoijua.

Lugha! Hapo ndipo nilipopigwa.

Nilimweleza mama mwenye duka yote niliyoyaandika hapa, akasikiliza kwa adabu, mikono ikiwa ndani ya khanga kwa baridi. Kisha akaketi mbele ya mashine ya kwanza, akaitazama Firefox niliyomtilia, akasema, "Mwalimu, hii inasema Kiingereza." Ilikuwa kweli. Nilitafuta Kiswahili katika mipangilio yake wala sikukipata. Akauliza kama ile nyingine inajua Kiswahili. Sikuweza kusema uongo. Chrome inajua Kiswahili. Kampuni ile ya matangazo, ninayoilaumu aya baada ya aya, imelipa gharama ya kumsemesha mama yule kwa lugha yake.

Basi nani wa kulaumiwa? Siwalaumu Wazungu wa Firefox. Tafsiri ya programu yao iko wazi kwa kila mtu mwenye kujitolea, mahali paitwapo Pontoon, na mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aweza kuanza leo usiku bila barua ya mkuu wa idara. Wala si jambo lisilojaribiwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, waliendesha mradi wa Kilinux, na katika Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Waliunda msamiati na kukagua tahajia, wakathibitisha kwamba lugha yetu haikosi neno la kitu chochote kilicho ndani ya kompyuta. Imepita zaidi ya miaka ishirini. Tangu siku hizo sisi wa vyuo tumeandika makala mangapi juu ya uwezo wa Kiswahili katika sayansi na teknolojia? Tumebishana kivinjari au kisakuzi, kiungo au kiunganishi, tukapandishwa vyeo. Mistari ya kutafsiri ikabaki pale pale ikingoja. Bwana msomi anayesema mtu wa Laela hana haja ya kuchagua, na mimi ninayesema ana haja, sote wawili hatujatafsiri hata mstari mmoja. Tofauti yetu ilikuwa ya maneno, na mama aliiona kabla yangu.

Tuligawana hivi. Mashine tano za wateja zina Firefox, yenye kusahau kila ifungwapo, na kizuizi cha matangazo juu yake. Kijana wa dukani amejifunza kuwaeleza watu maana ya kila onyo la Kiingereza, nami nimemwandikia maonyo saba ya kawaida kwa Kiswahili juu ya karatasi iliyobandikwa ukutani, la kwanza likiwa lile la saa. Ya sita, ya mama mwenyewe, ambayo haikai mteja, ina Chrome. Juu ya Linux kivinjari hicho hufuata lugha ya mfumo, wala mipangilio yake haina mahali pa kuibadili, kwa hiyo ilinibidi nihariri alama yake ya kufungulia ili iitwe kwa LANGUAGE=sw. Ilipofunguka ikasema Kiswahili toka juu hadi chini. Mama alisoma kila neno kwa sauti, polepole, akisahihisha moja au mawili ambayo hakuyapenda.

Betri za sarafu tulizinunua Sumbawanga, sita kwa pamoja.